Mjumbe Yuko Njiani

Mchwa walikwisha kula jina la mtunzi,
wakala na ukurasa wa kwanza, ule wa wahusika,
basi tukaanzia katikati ya ugomvi:
mfalme ameshakasirika
na sisi hatujui kwa nini.
"Wameanza bila sisi," akasema Letaru.
Ana miaka kumi, hapendi kuchelewa.

Darasa letu ni sebule, hapa Arua, nyuma ya tanuri la matofali.
Saa nne hesabu, saa tano sayansi,
kisha maigizo, maharagwe yakitokota.
Nilitundika kitenge cha harusi yangu kwenye kamba ya nguo
kati ya makochi na magunia ya simsim.
Huku ni jumba la mfalme. Kule ni stoo,
na tangu wiki hii kule ni kila mahali pengine duniani.

Wahusika kumi na mmoja, watoto watatu.
Letaru ni mfalme, taji lake kifuniko cha sufuria,
bado kina joto.
Drani ni malkia, na waziri, na mlinzi wa lango,
hubadilisha sauti kama anayebadilisha viatu,
halafu husahau amevaa vya nani,
mlinzi akamwita mfalme "mume wangu".
Tulicheka hadi kuku wakatawanyika,
na kuku ndio jeshi.

Kiswahili cha kitabu ni kigumu kama mhogo uliosahauliwa juani.
Sikuwalainishia. Nilisoma polepole,
wao wakatafuna.
"Mama, Hatima ni mtu?"
Nikamwambia Drani subiri tufike ukurasa wa arobaini.

Mama Candia alichungulia juu ya ua:
"Hao wako, kusoma watasoma lini?"
Mfalme akamfukuza nchini papo hapo.
Kesho yake akarudi na kigoda chake.

Ezati, kitinda mimba, nilimpa mjumbe.
Mstari mmoja tu. Anatoka nyuma ya kitenge, anapiga goti, anasema
vita vimekwisha, na yule mnayemngoja harudi.
Mazoezi yote aliusema vizuri,
kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya nyanya.

Ijumaa jioni, onyesho lenyewe, hakutoka.
Tukangoja. Mfalme akakohoa.
Vidole vya miguu vilionekana chini ya pindo,
vinakunjika, vinakunjuka.
"Mjumbe!"
"Sijafika," likajibu pazia.
"Umefika, miguu yako tunaiona."
"Barabara mbaya. Matope. Lori limekwama."

Siku tisa tangu baba yao aondoke na saruji kwenda Juba.
Siku nne simu yake inapokewa
na yule dada wa kampuni, na adabu zake.
Mimi sikuwaambia.
Lakini nani husubiri kuambiwa
katika nyumba ya vyumba viwili?

Kitabu kilikuwa wazi mapajani, ukurasa wa arobaini.
Mstari ulikuwepo, umepigwa chapa, haubanduki.
Wajumbe wangapi wameusema, mbele ya wafalme wangapi,
na kila usiku mfalme akaanguka palepale.
Mwalimu angesema: fuata maandishi.
Mama Candia aliacha kutafuna karanga.

Nikasema, "Mtukufu, mjumbe yuko njiani."

Letaru akanitazama. Akaelewa jambo
ambalo wafalme huchelewa kulielewa.
Akaketi juu ya gunia, akavua taji.
"Basi akifika apewe maji," akasema,
na hayo hayamo kitabuni.

Drani, ambaye wakati huo hakujua yeye ni nani,
akaenda kuchota kikombe.

Tukakaa. Jeshi likaingia mmoja mmoja kulala.
Kifuniko kikarudi juu ya maharagwe.
Nyuma ya kitenge changu mtoto alikuwa akihema
kama mtu aliyekimbia kutoka mbali sana
na bado hajaamua kama amefika.